Lamu si Diani: Chagua pa kulala kabla hujatuma pesa

GRUPU ya WhatsApp imeshaundwa. Watu wanane wamejiunga, mmoja ameanza kutuma picha za jahazi na machweo, na mwingine ameahidi kulipa mwisho wa mwezi. Fomu ni Lamu. Kilichobaki ni swali moja ambalo limevunja safari nyingi kuliko nauli: mtalala wapi?

Wengi huchukulia swali hili kuwa la bei tu. Wanaingia mtandaoni, wanatafuta picha kali na bei nafuu, wanatuma pesa, basi. Ukiwa Diani au Nyali, mtindo huo hauna madhara makubwa kwa sababu ukikosea unaita tuktuk na kuhamia kwingine.

Lamu ni hadithi nyingine. Ni funguvisiwa. Magari hayaingii vichochoroni, mizigo hubebwa na punda au mabega ya vijana, na kutoka sehemu moja hadi nyingine mara nyingi ni mashua. Ukichagua upande usiokufaa, kila mlo na kila kuogelea kunageuka safari, na nahodha hakubebi bure.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza "ni pesa ngapi?", uliza kwanza "ni wapi hasa?"

MJI WA KALE: KWA WANAOTAKA KUONA MAISHA

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini usidhani ni makumbusho. Ni mji unaoishi. Asubuhi watoto wanaenda madrasa, wazee wanakaa barazani, soko lililo karibu na ngome linachangamka na muuza kahawa anapita na dele lake.

Ukilala hapa, karibu kila kitu kiko umbali wa kutembea: ngome, makumbusho, gati na vibanda vya kula mkate wa mofa, viazi karai na juisi ya ukwaju. Vyumba vya bei nafuu pia ni vingi kuliko kwingineko, kwa hivyo anayesafiri peke yake au na rafiki mmoja huanzia hapa.

Usichopata ni ufuo wa kuogelea. Mbele ya mji kuna gati na mashua, si mchanga mweupe. Kelele nazo zipo. Punda hulia usiku wa manane bila kuomba ruhusa, na adhana ya alfajiri itakuamsha hata kama ulilala saa nane. Kama usingizi wako ni mwepesi, uliza chumba kilicho ghorofa ya juu, mbali na njia kuu.

SHELA: KWA WANAOTAKA MCHANGA

Shela iko kilomita tatu hivi kusini ya mji. Hapa ndipo unapoanza ule ufuo mrefu wa takriban kilomita 12 unaouona Instagram, na vilima vya mchanga nyuma yake. Kijiji ni safi na kimya, na nyumba nyingi za kifahari zinazokodishwa zima zima ziko huku.

Ni pazuri sana kwa kundi. Lakini bei za Shela, kuanzia chumba hadi sahani ya samaki, huwa juu kuliko za mjini.

Halafu kuna suala la maji. Njia ya kutoka mjini hadi Shela hufuata ufuo na huchukua kama dakika 40 kwa mguu. Maji yakijaa, sehemu ya njia humezwa na bahari, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Wenyeji wanajua saa za maji kujaa na kupwa jinsi wewe unavyojua saa za foleni ya Thika Road. Ukiachwa mjini usiku, utatafuta mashua, na bei ya usiku si ya mchana.

MANDA: KWA WANAOTAKA KUPOTEA

Manda ndicho kisiwa cha uwanja wa ndege, ng'ambo ya mji. Upande wake unaotazamana na Shela una ufuo mtulivu na malazi machache yaliyotengana. Kina mibuyu mikubwa na magofu ya Takwa, mji wa Waswahili uliohamwa karne kadhaa zilizopita.

Kama mko wawili na mnataka kuzima simu, hapa ni penyewe. Kama mko wanane na mnataka kuzunguka, mtachoka. Hakuna duka la kona, na kila mkitaka kitu lazima mvuke. Maji matamu pia ni haba kisiwani, kwa hivyo uliza malazi yanapata wapi maji ya kuoga na ya kunywa.

MATONDONI NA KIPUNGANI

Hivi ni vijiji vya upande wa pili wa kisiwa cha Lamu. Matondoni inajulikana kwa mafundi wa majahazi, Kipungani kwa ususi wa mikeka. Malazi ni machache mno. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, ni afadhali uende huko kwa siku moja kisha urudi kulala mjini au Shela.

SOMA NYUMBA KABLA YA KUSOMA BEI

Picha za nyumba za Lamu hudanganya bila hata kukusudia, kwa sababu nyumba zenyewe si za kawaida.

Nyumba ya zamani ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa nene karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukiona "chumba cha watu wanne", uliza vitanda vinne vinaingiaje humo.

Vyumba vya chini huwa na giza na ubaridi fulani, raha wakati wa mchana wa jua kali. Vya juu hupata upepo. Paa lenye makuti ndilo sebule halisi ya nyumba, na wengi huishia kulala huko juu. Jambo jingine, nyumba za kale hazikujengwa kwa wageni wasiojuana. Mara nyingi mtu hupita chumba kimoja kufika kingine, na kiwanda, ule uwazi wa katikati, hubeba sauti zote. Kama mko na wanandoa kwenye grupu, au mtu anayefanya kazi mtandaoni, ulizeni milango iko wapi.

Maswali mengine ya lazima ni haya: Kuna chandarua kila kitanda? Stima ikipotea kuna jenereta au sola? Mpishi amejumuishwa kwenye bei? Ni hatua ngapi kutoka gatini? Nyumba iliyo ndani kabisa ya vichochoro inaweza kuwa tamu, lakini si kwa mtu aliyekuja na sanduku la magurudumu.

PIGA HESABU NZIMA

Hebu tufanye mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Nyumba ya Shela ni Sh24,000 kwa usiku. Mko wanane, kwa hivyo kila mmoja analipa Sh3,000, na kwa siku tatu ni Sh9,000. Mjini, chumba ni Sh1,500 kwa kila mtu, jumla Sh4,500. Mtu wa haraka ataona tofauti ya Sh4,500 na kukimbilia mjini.

Sasa ongeza mengine. Aliye mjini anataka kuogelea Shela kila siku. Mashua ya kushirikiana ikiwa Sh200 kwenda na Sh200 kurudi, siku tatu ni Sh1,200. Chakula cha hotelini kikiwa Sh1,200 kwa siku, ni Sh3,600. Jumla yake ni Sh9,300.

Walio Shela wana jiko na mpishi. Wananunua samaki na nazi, kila mmoja anachanga Sh500 kwa siku. Jumla ni Sh10,500. Tofauti imeshuka hadi Sh1,200.

Lakini usishangilie bado. Wawili wakijitoa dakika ya mwisho, na kila grupu ina watu hao, nyumba bado ni Sh72,000 kwa siku tatu. Waliobaki sita sasa watalipa Sh12,000 kila mmoja, kabla ya kununua hata ndimu. Somo ni kwamba nyumba nzima hulipa ikiwa pesa za wote zimekusanywa kabla ya kuweka nafasi. Ahadi za "nitatuma Ijumaa" si pesa.

ANGALIA KALENDA

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ndicho kipindi chenye watu wengi na bei za juu. Kusi inapovuma, bahari huchafuka na safari za mashua ya tanga hubadilika. Wakati wa masika, hasa Mei, baadhi ya malazi ya Shela hufungwa kabisa, lakini yaliyo wazi huwa tayari kupunguza bei.

Wakati wa Maulidi, katika mwezi wa Mfungo Sita, wageni humiminika Lamu kutoka pande nyingi na vyumba vya mjini huisha mapema. Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, nalo hujaza mji. Ukienda Ramadhani, jua kwamba sehemu nyingi za kula hufungwa mchana. Hapo malazi yenye jiko yana thamani zaidi.

Wanaokwenda kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu wabebe kitambulisho kwa sababu kuna vizuizi vya polisi. Waulizie pia hali ya usalama barabarani kabla ya kukata tiketi. Basi huishia Mokowe, bara, kisha mashua. Basi likichelewa na ukafika gatini usiku, mtu wa kukupokea ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea. Uliza mapema nani atakuja.

USIINGIZWE BOKSI

Huu ndio mtego mkubwa. Tapeli hahitaji nyumba. Anahitaji picha za nyumba ya mtu mwingine, ukurasa wa Instagram na laini ya simu. Anakupa bei iliyo chini kidogo ya soko, anakuambia kuna mteja mwingine anasubiri, anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa sasa hivi. Ukishatuma, ukurasa unakublock.

Kinga yake si ngumu. Chukua picha zao uzitafute Google kwa kutumia picha yenyewe; zikitokea chini ya jina jingine, ondoka. Omba simu ya video, na usikubali kuonyeshwa chumba tu. Mwambie aanzie nje kwenye kichochoro, aingie mlangoni, apande hadi paani. Mwenye nyumba halisi atafanya hivyo kwa dakika tano.

Nyumba za Lamu zina majina, na mji ni mdogo. Ukimpigia mhudumu wa nyumba nyingine au nahodha yeyote na kutaja jina la nyumba, kuna uwezekano mkubwa anaijua pamoja na mwangalizi wake. Omba pia nambari ya leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, ndiyo hutoa leseni za malazi ya wageni nchini.

Mwisho, lipa kwa Paybill au Till yenye jina la biashara, usome jina kabla ya kubonyeza, na uhifadhi risiti pamoja na masharti ya kurudishiwa pesa. Ukishuku baada ya kutuma, usingoje kesho. Sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

UNALALA KWENYE MJI WA WATU

Ukikodisha nyumba Lamu, umekuwa jirani wa mtu. Ukuta wako ni ukuta wake. Mahewa ya saa tisa usiku juu ya paa husikika mtaa mzima, na bikini ni ya ufuoni, si ya kupita nayo mbele ya msikiti. Pombe haiuzwi kila kona, na hilo si kasoro ya huduma. Salimia. "Salam aleikum, mzee" kwa waliokaa barazani itakufungulia milango mingi kuliko pesa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayasemi. Vile vilima vya mchanga vya Shela unavyopigia picha ndivyo vinavyochuja mvua na kuhifadhi maji ya visima ambayo mji wa Lamu unayategemea sana. Kila jengo linalopanda juu yake na kila maji yanayovutwa kupita kiasi huongeza hatari ya chumvi kuingia visimani. Kwa hivyo unapochagua kati ya nyumba yenye bwawa na nyumba isiyo nalo, huku bahari iko mlangoni, uamuzi huo una mtu mwingine wa kuulipia.

Kama hamjaafikiana bado, gaweni safari: usiku mmoja mjini ili muujue mji, mbili Shela mpumzike. Na mweka hazina wa grupu awe yule rafiki mgumu asiyekopesha mtu.