Kalsiamu, karoti yenye sumu na seli ya saratani

Ukisikia kalsiamu unawaza maziwa, dagaa na mifupa. Sawa kabisa, ila ndani ya seli kalsiamu ina kazi nyingine: kupeleka ujumbe. Nje ya seli imejaa tele, ndani kwenye majimaji ya seli ni kidogo mno, pungufu kama mara 10,000. Kwa hiyo mlango ukifunguka hata kufumba na kufumbua tu, kiwango kinapanda ghafla na seli inaelewa: jikunje, gawanyika, hama, au jiue. Ndiyo, jiue.

Ujumbe ukishafika, lazima pasafishwe. Hapo ndipo inaingia pampu iitwayo SERCA, inayoirudisha kalsiamu ghalani, kwenye retikulamu ya endoplazimu. Ghala hilo hilo ndilo linalokunja protini nyingi mpya, na bila kalsiamu ya kutosha zinakunjwa ovyo ovyo. Zikilundikana sana, seli inajiua.

Sasa njoo kwenye Thapsia garganica, mmea wa jamii ya karoti unaoota kuzunguka Bahari ya Mediterania, unaojulikana kwa kuua ngamia. Sumu yake, thapsigagini, inaziba SERCA. Kilichowavutia watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani ni hiki: dawa nyingi za kemo huikamata seli inapogawanyika, lakini saratani ya tezi dume mara nyingi hugawanyika polepole. Thapsigagini haisubiri. Inaua hata seli iliyotulia.

Tatizo umeshaliona? SERCA iko kila mahali, hadi kwenye moyo wako. Ukidungwa sumu hiyo ikiwa wazi, umekwisha. Basi wakaifunga kwa mnyororo mfupi wa amino asidi ili isipenye kwenye seli. Mkasi wa kuukata ni PSMA, kimeng'enya kilichojaa kwenye seli za saratani ya tezi dume na kwenye mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani nyingine nyingi. Dawa ikaitwa mipsagagini. Kwa panya, uvimbe ulinywea. Kwa binadamu, baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ini ugonjwa wao ulisimama kwa muda, basi. Haijawa dawa ya kuandikiwa hospitali. Mimi naona wazo la mkasi lina thamani kuliko dawa yenyewe.

Na tafadhali, usimnyime mgonjwa wako maziwa kwa sababu ya makala hii. Kalsiamu ya kwenye damu inasimamiwa na homoni. Ikipungua, mwili unaichota mifupani. Seli ya saratani wala haitahisi njaa, mifupa ndiyo itaumia.