Uzi: Dhoruba imepita, ploti imejaa takataka. Nani anasafisha?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, chukua chai. Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja tu.

Kila msimu wa mvua huku kwetu Migori na Homa Bay mjadala huu unarudi. Wingu linajikusanya upande wa ziwa, upepo unakuja kwa hasira, na asubuhi ukifungua mlango unakuta tawi limelala kwa kamba ya nguo, bati la jirani liko kwa choo chenu, na mtaro umejaa chupa na matope. Mwenye ploti anasema, "Nyinyi ndio mnaishi hapa." Wapangaji wanasema, "Jaduong', mti ni wako." Jumamosi kwa mazishi kiongozi anashika kipaza sauti na kuahidi lori. Hilo lori sijui huwa linapitia barabara gani.

Hoja ya kwanza unayosikia kwa baraza: "Hakuna sheria juu ya mambo haya, mkubaliane wenyewe." Si kweli.

Kuna Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 65 kinaorodhesha wajibu wa mwenye nyumba ambao umo ndani ya kila ukodishaji, hata kama hamkuuongelea. Cha 66 ni wa mpangaji. Na usiseme "sisi hatuna mkataba." Wengi wetu tulitoa dipoziti kwa M-Pesa, tukapewa ufunguo, basi. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba ukodishaji wa muda mfupi unaweza kufanywa kwa mdomo. Kwa hivyo mkataba unao, ni karatasi tu huna. Mwenye karatasi naye aisome vizuri kwanza, manake kuna mambo mnayoweza kuwa mlikubaliana tofauti.

Sasa, kifungu cha 65 kinasema nini? Ukikodisha sehemu tu ya jengo, yaani chumba kimoja kwa ploti ya vyumba 12, mwenye nyumba ndiye anatunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu za pamoja kama vijia vya kupitia. Nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa binadamu siku unaingia, na iendelee kufaa muda wote ukiwa ndani. Soma hapo tena: iendelee. Bati likipeperushwa na upepo, kulirudisha ni kazi yake. Ukuta wa nje ukianguka, ni wake. Mtaro mkuu ukiziba hadi maji yanarudi kwa vyumba, ni wake pia.

Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji atunze nyumba na airudishe ilivyokuwa siku anahama. Lakini hapo hapo kinamwondolea mzigo wa uharibifu uliotokana na dhoruba, radi, mafuriko au moto ambao si uzembe wake. Kwa hivyo ukihama mwezi wa sita na unakatwa dipoziti kwa sababu ya dari iliyoharibiwa na mvua ya mwezi wa nne, uliza dari iliharibiwa na nani. Kama ni mvua, hiyo pesa ni yako.

Lakini tusidanganyane, wapangaji wenzangu. Sheria ya Ardhi haisemi popote nani ataokota majani. Hapo ndipo watu wanararuana, na ndipo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaingia. Ni sheria ya zamani sana, ya tangu 1921, na ina sehemu nzima ya kuzuia mbu. Inasema mwenye nyumba au mkaaji aondoe makopo, chupa, vyungu na chochote kinachoweza kushika maji. Mkaaji ni wewe. Ile sufuria kuukuu nyuma ya chumba chako, tairi ulilowekea kuku maji, ndoo iliyopasuka nusu: hizo hazingoji mwenye ploti arudi kutoka Nairobi. Na hili si jambo la kuchekea. Kaunti zetu mbili ziko kwa ukanda wa ziwa ambapo malaria haina likizo. Maji yakikaa wiki moja au mbili kwa kopo, mbu wameshakua, na atakayelala kwa wodi ni mtoto wa ploti hiyo hiyo.

Sheria hiyo pia inampa afisa wa afya ya umma nguvu ya kuandika notisi ya kuondoa uchafu. Kwa kawaida notisi inaenda kwa aliyeusababisha, na asipopatikana inaenda kwa mkaaji au mwenye nyumba. Lakini kama shida ni ya ujenzi wenyewe, mfano choo kimebomoka au hakuna mtaro kabisa, notisi inamwendea mwenye nyumba moja kwa moja. Watu wachache sana wanamtumia huyu afisa. Wanamkimbilia MCA, ambaye hawezi kuandika notisi hiyo.

Tuje kwa mti, manake ndio huleta vita.

Ploti ninayoishi Migori mjini iliangukiwa na mkaratusi wakati wa mvua ndefu. Uliziba njia ya choo na kung'oa gata. Mwenye ploti alituma meseji: kila chumba Sh300 za kukata mti. Wengi tulitoa, wengine wakanyamaza. Mti ukakatwa vizuri tu. Siku tatu baadaye pikapu ikaja ikabeba magogo yote, yakaenda kwa mchoma makaa. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa ameomba vipande viwili vya kupikia, akaambiwa mti ni mali ya mwenye shamba.

Na alikuwa sahihi! Mti ni wa mwenye shamba, hata ukiwa umelala chini. Lakini basi na gharama yake imfuate. Huwezi kuwa mwenye mti siku ya kuuza makaa, halafu siku ya kulipa mwenye msumeno mti unakuwa wetu sote. Kwa maoni yangu jaduong' alikuwa na njia mbili za haki: alipe mkataji abebe magogo yake, au atuachie magogo nasi tutoe jasho. Tulimwambia hivyo kwa heshima, na mwezi uliofuata alipunguza hiyo 300 kwa kodi. Si wote wana mwenye ploti wa kuongeleka kama yeye, najua.

Kuna jambo lingine juu ya miti. Dhoruba yenyewe tunasema ni kudra ya Mungu na hakuna wa kushtakiwa. Lakini kama mti ulikuwa umeoza, mkamwonyesha mwenyewe, akasema "nitaangalia" miezi mitano, halafu ukaangukia boda boda ya mtu, hapo kudra inaanza kufanana na uzembe. Ndiyo maana meseji ya onyo ni muhimu kuliko kulalamika kwa kijia. Meseji ina tarehe.

(Ukikuta waya wa stima chini au mti umeegemea waya, hakuna wajibu wa mpangaji wala wa mwenye nyumba hapo. Weka watoto mbali na upige 97771 ya Kenya Power. Usiguse, hata kama stima imepotea mtaa mzima.)

Sasa kodi. Hii sehemu ndiyo watu hawaamini nikiwaambia. Kifungu cha 65 kinasema nyumba ikiharibiwa na dhoruba, mafuriko au janga lingine la asili hadi haifai kukaliwa, yote au sehemu yake, basi kodi, au kiasi cha kodi kinacholingana na uharibifu, inasimama hadi nyumba ifae tena. Ikipita miezi sita haijarekebishwa, mpangaji anaweza kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja na kuondoka.

Fikiria maana yake kwa familia ya Nyatike wakati Mto Kuja umevunja kingo, au kwa watu wa fuo za Homa Bay mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kiwango cha rekodi na maji yakaingia kwa vyumba. Kuna watu waliendelea kudaiwa kodi ya chumba ambacho samaki ndio walikuwa wanakaa.

Lakini usikate kodi kimya kimya. Piga picha siku hiyo hiyo. Andika: "Paa limetoka tarehe fulani, vyumba viwili havikaliki, naomba tukubaliane kodi ya mwezi huu." Mkielewana, pia hayo yaandikwe. Mkishindwa, chifu huwa mahali pa kwanza, si kwa sababu yeye ni hakimu bali kwa sababu mwenye ploti humsikiliza. Kuna Baraza la Udhibiti wa Kodi pia, ila sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha enzi nyingine. Niambie chumba cha maana cha stima na maji unachopata kwa bei hiyo Rongo au Homa Bay mjini. Mpangaji wa Sh3,500 anabaki na mahakama ya kawaida, na nani ana nauli na siku za kupoteza? Mnaotafuta hoja ya kumuuliza mbunge, hiyo hapo.

Na kaunti je? "Kaunti isafishe kila kitu" ni hoja tamu lakini imezidi. "Kaunti haihusiki na mali ya watu binafsi" nayo imepungua. Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti uzoaji wa taka, mifumo ya maji ya mvua mijini, na usimamizi wa majanga. Kwa hivyo ndani ya ua ni sisi na mwenye ploti. Lakini takataka ikishatolewa hadi barabarani, au mtaro wa barabara ukiwa ndio unaotapika maji kwa ua wenu, kaunti haiwezi kusema ni mambo yenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Akija mtu kuahidi lori, muulize: mfuko upo? Una shilingi ngapi? Ulitumika lini? Lori la kaunti si zawadi ya mtu.

Kwa nini basi wapangaji hatusikizwi? Nadhani ni hesabu rahisi. Wengi wetu tumejiandikisha kupiga kura nyumbani, Ndhiwa, Kuria, Kisii, si kwa wadi tunayolala. Mwenye ploti anapiga kura hapo na huchanga harambee. Ndani ya ploti nako kila chumba kinangoja kingine kianze. Mancur Olson aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mwaka 1965, na sidhani aliwahi kuona foleni ya choo cha pamoja. Kwetu tulianzisha zamu ya wiki kwa WhatsApp, chumba cha 1 hadi 12, na jina la aliyeruka linaonekana na wote. Aibu imefanya kazi kuliko kifungu chochote nilichotaja hapa.

Wenye maduka na hoteli mnaoniandikia inboksi: nyinyi mna sheria yenu, Sura ya 301, na baraza lenu tofauti. Huo ni uzi wa wiki ijayo.