Ohangla ya kinanda: Awendo wagawanyika

Kila nikipita Awendo, mji wa kiwanda cha sukari cha SONY, mimi Mpwani sikosi kuuliza habari za ohangla. Wapenzi wake hawasikizani. Asili yake ni ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, na orutu, zeze la uzi mmoja. Leo kinanda cha umeme hubeba yote: mpigo, besi, hata mlio wa kodiani. Vijana wanampenda Prince Indah alivyoisogeza karibu na rumba. Wazee wanaililia ile iliyompa jina Tony Nyadundo.

Si ladha tu. Mwenye harusi hulipa watu wawili badala ya kundi zima, na mpiga ngoma hurudi kukata miwa. Nasi tusiwacheke; fidla na ganuni za taarab yetu zimehamia kinandani vilevile.

Kwa jambo moja nawaunga mkono wazee. Mpiga ngoma humtazama mchezaji. Akizidisha kiuno, naye huzidisha kasi. Mpigo uliotegwa kinandani haumwoni mtu. Bendi iliyobakisha japo ngoma moja ya mkono ndiyo inayoniinua kitini.