Umekumbuka dawa muda ukiwa umeshapita? Imeze

Ni saa kumi na moja alfajiri. Mitumbwi ya dagaa inarudi mwaloni Katonga, na ukiwa unakunja nyavu unakumbuka kwamba jana saa tatu usiku hukumeza dawa yako ya kufubaza VVU. Kopo liko nyumbani Mwanga, limefichwa chini ya nguo. Je, ukifika uimeze, au usubiri saa tatu ya leo usiku?

Ukifika, imeze. Wengi wanaoniuliza swali hili huwa walishasubiri, kwa sababu siku walipoanzishiwa dawa waliambiwa "saa ile ile, kila siku", wakaelewa kwamba saa ikipita kidonge cha siku hiyo hakifai tena. Sisi wauguzi tumechangia kosa hilo. Tunasisitiza muda kwa ukali, halafu hatusemi mtu afanye nini muda ukimpita.

Nimechelewa, nifanyeje?

Watu wazima wengi hapa Tanzania sasa wanatumia TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kwa kidonge hiki, ukikumbuka meza hapo hapo, hata kama zimepita saa nane au kumi, kisha dozi inayofuata imeze kwa saa yako ya kawaida. Kama zimebaki saa chache tu kabla ya dozi inayofuata, tuseme nne au pungufu, achana na iliyopita na usubiri inayokuja.

Kwa mvuvi wetu wa Katonga, alfajiri ile zimebaki saa kumi na sita, kwa hiyo anameza. Angekumbuka saa mbili usiku, imebaki saa moja tu, angesubiri ameze saa tatu. Kidonge kimoja, si viwili. Kumeza viwili kwa pamoja hakurudishi cha jana, kunaongeza maudhi tu.

Kama dawa zako ni za mara mbili kwa siku, nafasi ni finyu zaidi: ukikumbuka ndani ya saa sita, meza, zikizidi, subiri dozi inayofuata. Na kama unatibiwa TB kwa dawa zenye rifampisini, huenda umepewa kidonge kingine cha dolutegraviri cha kumeza saa kumi na mbili baada ya TLD. Rifampisini inafanya mwili uondoe dolutegraviri haraka, ndiyo maana hicho cha pili si cha hiari. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine, na uwaambie kliniki kwa sababu kopo litaisha siku moja mapema. Kliniki yako ikikupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya kliniki, wao wana faili lako.

Kama ni hivyo, kwa nini tunahimiza muda?

Kwa sababu dawa inapungua mwilini. Kiasi cha dolutegraviri kwenye damu hushuka hadi nusu baada ya saa 14 hivi. Ukichelewa saa chache bado kuna dawa ya kutosha. Ukikosa siku mbili, tatu, nne mfululizo, mlinzi ameondoka. Virusi huanza kuzaliana, na kila vinapojinakili hufanya makosa madogo madogo. Dawa ikiwa kidogo mwilini, vile vyenye kosa linalovisaidia kuistahimili ndivyo vinavyobaki na kuongezeka. Huo ndio usugu. Mtu aliyeacha kabisa, kwa kawaida virusi vyake huonekana tena kwenye kipimo ndani ya wiki chache, ingawa yeye anajisikia mzima na anabeba ndoo za dagaa kama kawaida.

Kwa hiyo usiku mmoja uliosahau usikunyime usingizi. Ninachokiogopa mimi ni pengo la siku nyingi, na kwa huku kwetu pengo hilo huwa na sababu mbili kubwa: safari na kuficha.

Safari

Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Anayevua usiku kucha hana sababu ya kung'ang'ania saa tatu usiku. Wengi wamebaki na saa hiyo tangu enzi za efavirenzi, dawa iliyoleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, tukawaambia wameze wakati wa kulala. TLD ilianza kutumika nchini 2019 na haina sharti hilo. Unaweza kumeza asubuhi, ukiwa umekula au hujala, na wengine asubuhi huwafaa zaidi kwa sababu dolutegraviri huwakosesha usingizi. Ongea na muuguzi wako mchague saa inayoendana na kazi yako.

Anayefunga Ramadhani, na Ujiji ni wengi, anaweza kumeza baada ya futari au kwenye daku. Panga kabla mwezi haujaandama, usisubiri siku ya kwanza ya mfungo.

Kuna jambo linalowachanganya wafanyabiashara wanaovuka kwenda Bujumbura au Kalemie. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa huko inajibadilisha yenyewe, kengele yako ikalia kwa saa ya kule. Usihangaike. Saa moja haina madhara.

Chenye madhara ni kwenda Kalya kwa siku tano na vidonge vitano, halafu upepo ukawazuia huko wiki mbili. Hesabu siku za safari, kisha ongeza za kutosha kwa kuchelewa. Chukua na kadi yako ya CTC. Ukiishiwa ukiwa mbali, nenda kituo chochote cha karibu chenye kliniki hiyo, eleza kwamba uko safarini na uonyeshe kadi. Dawa hizi hutolewa bure popote nchini. Kwenye mtumbwi acha dawa ndani ya kopo lake, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, kisha liweke kwenye chombo chenye mfuniko. Kile kidude ndani ya kopo kisichofanana na vidonge ni cha kunyonya unyevu. Kiache humo, usikimeze.

Kuficha

Hili gumu zaidi. Kuna mama anayemeza mume akitoka tu, na mume akishinda nyumbani siku tatu, siku tatu hajameza. Siwezi kukuamuru umwambie mtu. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako. Lakini mwambie muuguzi kwamba unaficha. Tunaweza kuhamisha saa, kukupa dawa za miezi mingi ili usionekane kliniki mara kwa mara, au kuwaita nyote wawili kwa ushauri ukiwa tayari. Vidonge vikilia ndani ya kopo, weka pamba safi kavu juu yake.

Nimekosa wiki nzima, au mwezi

Kama una dawa, meza leo, kisha nenda kliniki siku hiyo hiyo au kesho. Kama huna, nenda tu. Usisubiri tarehe yako. Utapimwa afya, na huenda ukapimwa wingi wa virusi. Vikikutwa vimepanda, utapata ushauri wa ufuasi, kisha kipimo kitarudiwa. Mara nyingi vinashuka tena kwa dawa hizo hizo.

Huenda atakayekupokea akakukaripia. Imetokea, na hakuna haki ya kufanya hivyo. Omba kuonana na mwingine, lakini usirudi nyumbani bila dawa.

Mimi mwenyewe nimewahi kusahau dozi ya dawa mseto ya malaria, tiba ya siku tatu tu. Kwa hiyo ninapohesabu vidonge vyako sikutegi. Wapo wanaotupa vilivyobaki ziwani asubuhi ya kliniki ili hesabu ikae sawa, nami naandika kwamba amemeza vyote. Virusi vikipanda, tunaweza kudhani dawa imeshindwa na kuwaza kumbadilishia, kumbe haikumezwa. Vikibaki kumi na moja, njoo navyo vyote kumi na moja.