SUMU INAYOTIBU NA SUMU INAYOUA: MAELEZO KUHUSU SINDANO ZA BOTULINI USONI

Ukurasa huu unapenda kutoa maelezo kuhusu dawa ambayo jina lake limekwisha kuwa maarufu mijini, lakini asili yake, faida zake na madhara yake havijafahamika vya kutosha. Dawa hiyo ni sumu ya botulini, ijulikanayo na wengi kwa jina la biashara la Botox. Wapo wanaoitaka kwa ajili ya kuondoa makunyanzi ya uso, na wapo wagonjwa ambao ingewafaa sana lakini hawajapata kusikia kwamba ipo.

Mfano wa maelezo haya umechukuliwa kutoka Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Zimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ziko mbali na madaktari bingwa, hivyo mgonjwa analazimika kujua mapema aelekee wapi. Pili, ziko mpakani: Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na bidhaa za kila aina huvuka katika vivuko kama Murongo. Tatu, ni nchi ya senene, na uhifadhi wa chakula cha aina hiyo una uhusiano wa moja kwa moja na sumu tunayoieleza.

ASILI YA SUMU HII

Sumu ya botulini hutengenezwa na kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Kijidudu hiki huishi katika udongo, na mbegu zake huweza kukaa muda mrefu bila kufa. Hakipendi hewa. Kikipata chakula chenye unyevunyevu, kisicho na ukali wa siki au ndimu, mahali palipofungwa hewa isiingie, huamka na kutoa sumu. Wataalamu wanaihesabu sumu hiyo kuwa kali kuliko zote zinazojulikana.

Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mnamo miaka ya 1820, tabibu wa Kijerumani Justinus Kerner aliandika kwa kirefu juu ya watu waliodhurika kwa kula soseji zilizoharibika, na tangu wakati huo aliwaza kwamba sumu hiyo, ikipimwa kidogo sana, ingeweza kuwa dawa. Mwaka 1895 huko Ellezelles, Ubelgiji, wapiga muziki waliokula paja la nguruwe baada ya mazishi waliugua na watatu wakafariki. Profesa Emile van Ermengem ndiye aliyekichunguza chakula hicho na kukitambua kijidudu chenyewe.

Wazo la Kerner lilitimia baada ya zaidi ya karne moja na nusu. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco, Marekani, aliitumia sumu hiyo kutibu makengeza bila kupasua. Mwezi Desemba 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa makengeza na kwa kope zinazofumba zenyewe. Mke na mume, madaktari Jean na Alastair Carruthers wa Vancouver, Canada, walitambua kwamba wagonjwa waliochomwa karibu na macho walipotewa na ndita. Waliandika habari hiyo mwaka 1992, na matumizi ya kuondoa ndita yakaidhinishwa Marekani mwaka 2002.

INAVYOFANYA KAZI

Msuli wa mwili haujikunji wenyewe. Mshipa wa fahamu huuamrisha kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulini huingia katika ncha ya mshipa huo na kukata protini inayohitajika ili kemikali hiyo itoke. Amri haifiki, na msuli hulegea.

Dawa ikichomwa katika msuli mdogo wa uso kwa kipimo sahihi, hulegeza msuli huo tu. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache na hukamilika katika majuma mawili hivi. Baada ya miezi mitatu hadi minne mshipa hupata nguvu yake tena, msuli hurejea kazini, na sindano huhitajika upya. Kwa hiyo hakuna mtu anayepona makunyanzi kwa sindano moja ya maisha; anayeambiwa hivyo anadanganywa.

MATUMIZI YA TIBA

Tiba ndiyo sehemu yenye uzito zaidi, na ndiyo inayosahauliwa. Kuna mtu ambaye kope zake hujifumba kwa nguvu bila yeye kutaka, mara kwa mara, mpaka hawezi kusoma, kuvuka barabara wala kushika jembe. Macho yake ni mazima, lakini anaishi kama kipofu. Kuna mwingine ambaye upande mmoja wa uso wake hutetemeka na kuvutika, kuanzia kwenye jicho hadi kwenye pembe ya mdomo. Aghalabu chanzo chake ni mshipa wa damu unaogandamiza mshipa wa fahamu wa uso. Wagonjwa wa namna hii hudhaniwa wamerogwa, na wengi huanza kujificha wasionekane na watu. Hawakurogwa. Maradhi yao yana jina, na sindano za botulini ni tiba inayotegemewa kwa maradhi hayo.

Dawa hii hutumika pia kwa shingo iliyopinda kwa kukakamaa misuli, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ambao miguu yao imekaza, kwa waliobaki na mkono uliokunjamana baada ya kiharusi, kwa jasho la kwapani lililopita kiasi, na kwa kipandauso sugu. Katika maradhi ya kukakamaa, sindano peke yake haitoshi; huambatana na mazoezi ya viungo.

Tahadhari moja inasisitizwa. Uso unaochezacheza si sawa na uso uliopooza. Uso ukilegea upande mmoja ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono ukakosa nguvu au ulimi ukawa mzito, hiyo huenda ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, wala asisubiri kesho.

MATUMIZI YA UREMBO

Kwa upande wa urembo, dawa huchomwa katika misuli inayokunja ndita kati ya nyusi, katika paji la uso na pembeni mwa macho. Kwa ndita za kati ya nyusi, kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20, zinazogawanywa katika sehemu 5. Mtu mzima mwenye afya njema, aliyechomwa na daktari aliyefunzwa, kwa dawa halali, kwa kawaida hupata madhara madogo: maumivu, wekundu au kichwa kuuma.

Hata hivyo, sindano ikienda nje ya mahali pake kwa kiasi kidogo tu, kope huanguka na kubaki hivyo kwa majuma kadhaa. Dawa ikizidi au ikisambaa, mtu huona vitu viwiliviwili, hushindwa kumeza, na pumzi huwa nzito. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo juu ya kusambaa huko liandikwe wazi katika maelezo ya dawa hizi. Mwaka 2024 nchi hiyohiyo ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa dawa bandia, au kuchomwa na watu wasio na idhini au mahali pasipo hospitali. Nusu yao walilazwa.

Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye ukaguzi mkubwa, sisi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Dawa hii huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyosafirishwa mfukoni au katika boksi juani haina wa kuidhamini. Aidha, dawa za kampuni mbalimbali hazilingani kwa yuniti, hivyo kipimo cha moja hakifai kwa nyingine. Haifai kwa mjamzito, kwa anayenyonyesha, wala kwa mwenye maradhi ya misuli na mishipa ya fahamu. Anayetumia dawa kama jentamaisini hana budi kumweleza daktari, kwa kuwa huongeza nguvu ya sumu.

SUMU HII KATIKA CHAKULA

Wananchi wa Karagwe na Kyerwa wanaweza kuuliza: jambo hili la mijini linatuhusu nini? Linawahusu, kwa sababu sumu iliyomo katika chupa ya daktari ndiyo ileile inayoweza kujitengeneza katika mfuko wa chakula.

Mwaka 1980 jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya watu waliopatwa na sumu hii nchini Kenya baada ya kula mchwa waliohifadhiwa katika mfuko wa plastiki, vifo vilitokea. Mwezi Oktoba 2008, jirani zetu wa Uganda walipata wagonjwa watatu, wanafunzi wa shule ya bweni, mmoja alifariki. Wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha nyumbani kilichotengenezwa kwa mafuta. Mafuta huzuia hewa, na pasipo hewa kijidudu hustawi.

Senene si chakula kibaya. Ni chakula chenye nguvu na cha heshima, na wakikaangwa wakakauka barabara kijidudu hakipati unyevu wa kuishi. Hatari iko kwa senene au kumbikumbi wabichi, au waliochemshwa nusu, wakafungwa wangali na unyevu katika mfuko wa plastiki na kusafirishwa siku kadhaa katika joto. Harufu na ladha si kipimo cha kuaminika.

Sumu yenyewe huharibika kwa moto: chakula kikifikia nyuzi 85 ndani yake kwa dakika 5 au zaidi, sumu hufa. Katika nyanda za juu za Karagwe maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini bado huzidi kiwango hicho. Mbegu za kijidudu, kinyume chake, hustahimili kuchemshwa. Ndiyo maana chakula kilichopikwa jana na kufungwa vibaya kinaweza kuwa na sumu leo.

Dalili huanza, aghalabu, baada ya saa 12 hadi 36: kope nzito, kuona viwiliviwili, kinywa kikavu, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka kutoka usoni hadi miguuni na kuzuia pumzi. Mara nyingi homa haipo, na akili ya mgonjwa hubaki timamu.

MAAGIZO KWA WANANCHI

1. Mwenye maradhi ya uso au kope aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe barua ya rufaa. Kwa Karagwe iko Hospitali ya Nyakahanga. Kutoka hapo rufaa huenda Bukoba, na Bugando, Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda.

2. Asikubali mtu kuchomwa sindano ya uso saluni, nyumbani au dukani. Aulize jina la daktari, aione chupa ikiwa na jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ahakikishe imetolewa katika jokofu.

3. Dawa zinadhibitiwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Dawa inayotiliwa shaka itolewe taarifa huko, au kwa mfamasia wa wilaya.

4. Senene na kumbikumbi wakaangwe mpaka wakauke, wapoe kabla ya kufungwa, na wapashwe moto vizuri kabla ya kuliwa. Waliolainika katika mfuko watupwe.

5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu hiki.

6. Mwenye dalili zilizotajwa, iwe baada ya chakula au baada ya sindano, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Aliyemsindikiza aeleze mgonjwa alikula nini au alichomwa nini, na lini. Mabaki ya chakula au chupa yenyewe vichukuliwe. Dawa ya kupinga sumu huzuia madhara yasizidi, lakini hairudishi kilichokwisha kupooza. Kwa hiyo kila saa inayopotea njiani ina thamani ya pumzi ya mtu.