Bernard Membe: Njia ya Rondo hupitia Somanga (Sehemu ya Pili)

Basi la Kusini likifika Somanga, hata aliyelala usingizi wa pono huamka. Vijana hukimbilia madirishani na masinia ya samaki wa kukaanga, utingo hugonga bati, dereva hutangaza dakika kumi ambazo kila abiria anajua zitakuwa ishirini. Upande wa baharini ndiko Somanga Fungu, ambako bomba la gesi ya Songo Songo hutoka majini na kushika njia ya Ubungo, tangu mwaka 2004. Kabla ya gesi kuipa jina, Somanga ilijulikana kwa taabu. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi hapo ndicho kilichochelewa sana kupata lami, na masika watu walilala njiani. Tope la Ndundu halikujua itifaki. Mbunge aliyekuwa akirudi jimboni na mama aliyekuwa na mafungu yake ya korosho walisubiri trekta lilelile.

Nimeanzia hapa kwa sababu Bernard Kamillius Membe alikuwa mtu wa njia hii. Wiki iliyopita tulimwacha Ottawa, ubalozini. Kwa aliyekosa gazeti: alizaliwa Rondo Chiponda, mkoani Lindi, tarehe 9 Novemba 1953, akasoma seminari, Namupa kisha Itaga, akafanya kazi Ofisi ya Rais katika uchambuzi wa masuala ya usalama, akapita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 2000 akaacha udiplomasia, akagombea ubunge wa Mtama kwa tiketi ya CCM, akashinda. Jimbo hilo alilishika kwa miaka 15. (Msomaji wa Kilwa asichanganye: ipo pia Somanga Mtama, hapohapo Somanga, kwenye bonde. Tutairudia.)

Hebu tazama mahali alipolelewa: seminari, usalama, ubalozi. Zote ni shule za watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Membe alikuwa hodari wa vikao. Alijua nani akae karibu na nani, nani apigiwe simu kabla ya kura na nani baada yake. Katika timu iliyomwingiza Jakaya Kikwete Ikulu mwaka 2005, Membe alihesabiwa miongoni mwa watu wa ndani, na malipo hayakuchelewa. Mwaka 2006 alikuwa naibu waziri, kwanza Mambo ya Ndani, kisha Nishati na Madini. Januari 2007 akapewa Mambo ya Nje, wizara ambayo Kikwete mwenyewe aliikalia kwa miaka kumi. Akadumu nayo hadi 2015.

Kazi aliifanya, na sioni haya kusema hivyo. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwemo katika operesheni ya Umoja wa Afrika iliyomng'oa Kanali Mohamed Bacar kisiwani Anjouan, nchini Komoro. Mwaka 2012 ulipozuka mzozo na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, yeye ndiye aliyesimama na msimamo kwamba mpaka upo katikati ya maji. Mwaka 2013 Xi Jinping na Barack Obama wote walitua Dar es Salaam. Waziri wa namna hii huota ndoto ya Ikulu bila kulala.

Ndoto ikamponza mapema. Februari 2014 CCM iliwafungia makada sita, yeye na Edward Lowassa wakiwemo, kwa kuanza kampeni kabla ya wakati. Julai 2015, Dodoma, jina lake liliingia tano bora: Membe, John Magufuli aliyekuja kuwa Rais, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na January Makamba. Halmashauri Kuu ilipochuja kubaki na watatu, halikuwemo. Mtu wa vikao alikuwa ameangushwa na kikao. Mtama ikaenda kwa Nape Nnauye, na Membe akanyamaza.

Kunyamaza kwa mtu kama huyo huwatia wenye nyumba wasiwasi. Tarehe 28 Februari 2020 Kamati Kuu ilimfukuza chama. Kati ya makatibu wakuu wa zamani waliohojiwa pamoja naye, Abdulrahman Kinana akapewa karipio, Yusuf Makamba akasamehewa. Julai Membe akajiunga na ACT-Wazalendo, na Agosti alikuwa mgombea urais.

Hapa ndipo Kilwa inapoingia kwenye hesabu. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya wilaya hii, Kaskazini ambako ndiko Somanga na Kusini kwa Seleman Bungara, yaani "Bwege", yalichukuliwa na CUF. Maalim Seif, kinara wa CUF, alipohamia ACT mwaka 2019, upepo wa pwani ukageuka, na Bwege naye mwaka 2020 akahama. Juni mwaka huohuo polisi walimkamata kiongozi wa ACT, Zitto Kabwe, na wenzake hapa Kilwa kwenye kikao cha ndani. Kwa hesabu ya karatasini mambo yalikaa sawa: Maalim ana Unguja na Pemba, Bwege ana Kilwa, Membe mwana wa Lindi anaongeza uzito wa kitaifa.

Lakini Lindi ya Rondo na Lindi ya Kilwa hazipiki chungu kimoja. Membe alitoka mlimani, kwenye seminari na makanisa, akiwa CCM maisha yake yote. Wapigakura wa upinzani ukanda wa Kilwa walikua kwenye mikutano ya CUF, ambako msemaji hupimwa kwa kuchekesha na kuchoma kwa wakati mmoja. Bwege aliijua kazi hiyo. Membe aliongea kama anayesoma taarifa ya wizara. Alizindua kampeni Lindi, kisha katikati ya kampeni akaonekana zaidi Dubai kuliko jukwaani. Viongozi wa chama chake wakatangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema. Oktoba akawaita waandishi Dar es Salaam kusema bado ni mgombea. Na kweli, kwenye karatasi ya kura alikuwemo. Tume ilimpa kura 81,129 dhidi ya 12,516,252 za Magufuli. Upinzani uliyakataa matokeo yale, na hoja zao zinajulikana. Ila hata ukiyatilia shaka, huwezi kudai kwamba Membe aliibiwa ushindi.

Januari 2021 akaondoka ACT. Machi Magufuli akafariki dunia, na mlango uliokuwa umekomewa ukalegea. Mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, CCM ikampokea tena, katika majira yaleyale ambapo Kinana aliyekaripiwa alikuwa makamu mwenyekiti. Wengi walianza kumtazama tena kama mtu wa mbele. Hakupewa muda. Alifariki Dar es Salaam tarehe 12 Mei 2023, akazikwa kwao Rondo.

Karibu mwaka mzima baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata njia yake, barabara ya Kusini. Palipobomoka ni pamoja na Somanga Mtama, bondeni, pale tulipoahidi kurudi. Malori yakapanga foleni pande zote mbili, na aliyekuwa na haraka ya kwenda Lindi akaambiwa azungukie Songea.