Kibwagizo Kilichovuka Bahari: Wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka

Katika uchambuzi wa wimbo wa Kiswahili, wanafunzi wengi huanzia kwenye maneno na kuishia hapo hapo: dhamira, maudhui, tamathali za usemi. Kibwagizo hutajwa kwa sentensi moja, kisha hupitwa. Iko santuri moja inayoonyesha jinsi mtindo huo unavyoupunja wimbo.

Mwaka wa 1968, kundi la muziki wa biti la Uingereza, The Tremeloes, lilifika nafasi ya 14 katika chati za nchi hiyo kwa wimbo "Helule Helule". Halikuwa kundi dogo. Ndilo ambalo kampuni ya Decca ililichagua mwaka wa 1962, ikawaacha The Beatles. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa Daudi Kabaka, Mluhya aliyesifika kuwa mfalme wa twisti nchini Kenya, ambaye aliurekodi Nairobi pamoja na George Agade.

Kabaka, aliyefariki mwaka wa 2001, hakuzuka pasipo watangulizi. Uluhyani kulikuwa na omutibo, upigaji ambao gitaa moja hubeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, huku chupa ya soda ikigongwa kutunza mwendo. Bingwa wake, George Mukabi, alitoka Kisa, Kakamega, akafariki mwaka wa 1963. Twisti ya Kabaka ni jambo jingine: jina la dansi ni la Marekani, na mapigo yake yameazima kwela ya Afrika Kusini. Kwa hiyo, wanaodai kwamba Waingereza walichota muziki "asilia" wa kijijini wanakosea. Walichukua kitu kilichokwisha kusafiri.

Ni kipi basi kilichovuka bahari? Beti ziliandikwa upya kwa Kiingereza, kibwagizo kikabaki. "Helule" si neno la kutafutwa katika kamusi za Kiswahili sanifu, wala msikilizaji wa London hakuhitaji maana yake. Lina silabi tatu wazi, he-lu-le, kila moja ikikomea kwenye irabu, nalo hurudiwa papo hapo. Hata mgeni hulishika mara ya kwanza, akaitikia. Katika fasihi simulizi hiyo ndiyo kazi ya kiitikio: kuigeuza hadhira kuwa waimbaji. Anayelipuuza neno hili kwa kuwa "halina maana" ameiacha nje sehemu pekee ya wimbo iliyoweza kuishi katika lugha mbili.

"Malaika" ilipata majaaliwa ya kinyume. Miriam Makeba aliiimba kwa Kiswahili, na Boney M. vilevile mwaka wa 1981; maneno yalisafiri, ila suala la nani aliyeutunga likazua ubishi, jina la Fadhili William likiwa katikati yake. Kwa "Helule Helule", jina la Kabaka liliandikwa kwenye santuri ya Waingereza. Beti zake ndizo zilizobaki Nairobi.